Pua ya Moniteri

Kitu cha kwanza nilichojua juu yake ni kwamba alikuwa na mizinga saba. Nilihesabu kupitia tundu la ua wa matete, nikahesabu tena kutoka upande wa choo, ikawa saba. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Bigo jana yake, mume wangu na mimi, tukitoka upande wa Lubero na watoto, vyungu, na hamu ya kuuza ndizi Bunia. Ile nyumba niliipatana bei mwenyewe, na kila mtu aliniambia nimepatana vizuri. Baadaye nilikumbuka kwamba wakati wote tukibishana, muuzaji alikuwa anaangalia ua wa nyuma kama mtu anayesubiri motokari.

Jirani huyo mwenye mizinga watu wote walimwita Moniteri, kwa sababu alikuwa moniteri wa kilimo, yule ambaye serikali humtuma katika mashamba ya watu awafundishe kupanda kahawa kwa mstari. Alizaliwa wapi, sikuuliza. Watu wa nyumbani kwake, sikuuliza. Hakuwa mtu wa kutoa kitu kisichoombwa, na mimi siombi kitu nisichojua nitakifanyia nini. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa miaka zaidi ya kumi, kutoka upande wangu wa ua.

Juma la pili nyuki mmoja aliniuma shingoni. Mmoja tu, huyo sikuhitaji kumhesabu mara mbili. Nilikuwa ninaanika nguo. Kabla sijafika mlangoni midomo ilikuwa imejaa, macho yamefunga, na hewa ilikuwa inapita kooni kama uzi katika tundu la sindano. Mume wangu alinibeba juu ya kinga, baiskeli yake, mpaka dispanseri, akikanyaga na kulia. Muganga alinichoma sindano, akaongeza ya pili. Nilipoweza kusikia tena, alikuwa amekaa kando yangu, anafuta jasho lake mwenyewe.

"Mama," alisema, "damu yako haipatane na nyuki. Leo umepona. Siku ingine, sindano itakuta umeshaenda."

Nilirudi nyumbani nikahesabu hatua kutoka mlango wangu mpaka kwenye ua: ishirini na moja. Kutoka kwenye ua mpaka muzinga wa karibu, kwa macho, kumi na moja. Jumla thelathini na mbili. Kati yangu na kifo kulikuwa na hatua thelathini na mbili, na kifo kilikuwa na mabawa.

Kwa nini sikuhama? Watu wananiuliza mpaka leo. Nyumba ilikuwa imeshanunuliwa, na sijawahi kurudisha kitu nilichopatana. Lakini nilikwenda kwenye ua, kitenge juu ya kichwa, kuongea naye.

"Hodi, Moniteri."

"Karibu, Mama Kavira. Simama pale pale, usikaribie."

"Nyuki yako moja ilitaka kuniua."

"Nilisikia. Pole sana, mama. Asubuhi ile ulikuwa umeshika nini mbele ya kuanika?"

"Ndizi. Miye nauzaka ndizi."

"Zenye kuiva?"

"Weye unanunuaka mbichi kwa kukula njiani?"

Hakucheka. Alikuja mpaka kwenye matete, mtu mrefu, mkavu, ndani ya abakosti, ile koti isiyovaliwa na tai, ya rangi ya majivu ambayo sijawahi kuiona imefuliwa. Aliongea polepole, kama anayehofia kumwaga kitu.

"Nyuki akiuma, anaacha harufu pale pale ku ngozi. Ile harufu inaita wengine: kuyeni, adui iko hapa. Unajua inanuka sawa nini?"

"Nitajua wapi?"

"Sawa ndizi, mama. Ndizi yenye kuiva sana, ile unamalizaka nayo jioni."

Nilinusa kitenge changu. Nilinusa mikono. Nilikuwa nimepita wiki mbili mbele ya mizinga saba nikipiga baragumu ya vita, na sikujua.

Tukaanza kubishana. Nilimwambia ahamishe mizinga. Akasema mshahara wake wa mwisho ulifika wakati mtoto wa jirani wa chini alikuwa bado tumboni, na sasa yule mtoto anatembea. Asali ndiyo ilikuwa inamlisha. Nikasema basi ahamishe miwili tu. Akauliza kama na mimi nitaacha kuuza nusu ya ndizi zangu. Mahali pake na mimi ningejibu vile vile. Tulikuwa watu wawili, kila mmoja ameshika chakula chake, na chakula cha mmoja kilikuwa kinachokoza chakula cha mwingine.

"Nusa mwenyewe kila asubuhi," alisema. "Ukisikia ndizi kutoka ku mizinga, usitoke."

"Moniteri, miye niko na ndizi mu pua tangu niliolewa. Nitajua wapi kama ni yangu ao ni ya nyuki?"

Alifikiri. Kwenye pembe ya ua wake kulikuwa na rimu ya gurudumu la lori, imening'inia kwenye waya, ya kufukuzia mbuzi. Aliigusa.

"Basi pua itakuwa yangu," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyopatana. Kila asubuhi, kabla sijatoa ndizi, yeye alikwenda kwenye mizinga, akanusa, akarudi, akapiga ile rimu kwa chuma. Pigo moja: pita. Mapigo mawili: baki ndani na ndizi zako, funga mlango, mpaka usikie moja. Mimi kwa upande wangu nilimpa ndizi za kupika kila Ijumaa, mbichi kabisa, kwa sababu zenye kuiva hakuzigusa. Niliona nimepata faida. Halafu nikalala kitandani nikielewa kwamba nimeweka maisha yangu yote katika pua ya mtu mmoja mwenye abakosti chafu, na usingizi ukakataa.

Ile pua nilianza kuichunguza, kama mtu anavyochunguza mizani ya mwenzake. Siku moja nilimfuata mpaka Irumu, nikitafuta ndizi, yeye akienda kutazama shamba la mahindi la baba mmoja. Tulifika, akasimama ukingoni, akafunga macho. Upepo ulikuwa unakuja kwetu.

"Huko katikati kuna vidudu vinakula," alisema. "Mustari wa tano ao wa sita."

Mwenye shamba alicheka. Akaingia, akafungua majani ya mstari wa sita, akatoka na mdudu mnene wa kijani juu ya kidole, na kicheko kimekwisha. Alimwangalia Moniteri kama anavyoangaliwa mtu aliyetaja jina la marehemu.

"Ulijua namna gani?"

"Muhindi ilisema. Jani likikulwa linatoa harufu, haiko sawa ile ya jani lililokatwa na panga. Nyigu wanaisikia, wanakuya kukamata ule mududu. Muhindi haina miguu, baba. Mutu hana miguu na anakulwa, atafanya nini? Ataita."

Kweli, nyigu walikuwepo, wembamba, weusi, wanazunguka juu ya mstari ule. Nilihesabu sita. Nilirudi nyuma mpaka kwenye njia, kwa sababu damu yangu sikuwa nimeiuliza kama inapatana na nyigu.

Tangu siku hiyo Irumu walimsalimia kutoka mbali. Sokoni Bunia walisema anaongea na majani. Mimi pia niliogopa, sitadanganya. Nilizoea kufikiri kwamba shamba limenyamaza. Sasa nikipita kwenye migomba niliona kama ninapita katikati ya soko la watu nisiojua lugha yao, wanaonunua na kuuza, wanaitana, wanatukanana, na labda wananisema mimi. Nilimwambia. Akasema ni kweli wanaongea, lakini mimi si mtu muhimu kwao.

Alikuwa na maneno yake. Mtu akimwambia "jani tu", alijibu: "Weye umelinusa?" Kahawa ikitoa maua, ile wiki ambayo mashamba yanakuwa meupe na harufu inaingia mpaka ndani ya chumvi, alisema: "Leo kahawa inalipa wafanyakazi." Wafanyakazi walikuwa nyuki. Wiki hiyo hakupiga mawili hata siku moja. Nyuki wenye kushiba, alisema, hawana muda wa watu.

Na alikuwa na vituko vyake. Aliwapigia wakulima kelele juu ya mstari ulionyooka, na uwanja wake mwenyewe ulikuwa kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Hakuogopa mizinga, aliingia na mikono mitupu, lakini hakupanda kinga hata siku moja, alisema magurudumu mawili ni machache. Jumamosi, wakati wa salongo, watu wote wa mtaa tulipotolewa na majembe kusafisha barabara, alifyeka majani kwa upande mmoja tu wa mtaro. Msimamizi alikuja juu, na ile "citoyen" yake, mwananchi, kama serikali ilivyotaka tuitane.

"Citoyen Moniteri! Na upande huu?"

"Ule uko na maua, citoyen. Niko nauachia wenye kazi."

"Wenye kazi gani? Miye naona jani tu."

"Weye umelinusa?"

Alifyeka upande wa pili Jumamosi mbili mfululizo, peke yake, kwa adhabu. Na baadaye, miaka ya mwisho, alipata kiburi cha ajabu: siku nyingine hakutoa mkono kusalimia. Mkono wa kuume ulikaa ndani ya mfuko wa abakosti, na wewe alikupa kiwiko. Wamama wa sokoni walisema amejiona waziri. Mimi nilisema vile vile, tena kwa sauti.

Lakini nisiruke siku ya sitroneli, kwa sababu siku hiyo nilikufa, isipokuwa tu kwamba nilibaki.

Sitroneli ni yale majani marefu tunayochemsha kama chai, yenye harufu ya ndimu. Mwenzangu mmoja wa sokoni aliniambia yanafukuza mbu. Nikafikiri: kinachofukuza mbu kitafukuza na nyuki, wote si wana mabawa? Na Moniteri hakuwa na haja ya kujua. Nilikuwa nimechoka kungojea chuma cha mtu mwingine ndipo nitoke nyumbani kwangu. Nilinunua mafungu kumi na mawili, nikahesabu tena, nikadai la kumi na tatu la kuongeza, nikapewa. Niliyaponda yote. Nikasugua milango, madirisha, na lile pipa tupu la chuma lililokaa nje, nililokuwa ninaivishia ndizi, ndani na nje, mpaka mikono ikawaka. Usiku mbili tulilala bila mbu. Nilijiona nina akili.

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, watoto wako shuleni, mume wangu yuko Nizi kutengeneza mashine, nilisikia mlio kama wa kinu cha kusagia. Nikachungulia. Hewa ya uani ilikuwa kahawia na inazunguka. Nilifunga mlango, nikasikia wanatua juu yake, taratibu, kama mvua inayoanza. Nyuma yangu kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi zilizoiva. Niligeuka nikazihesabu upya, nikitumaini nimekosea. Ilikuwa miwili.

"Mama Kavira!" Sauti ya Moniteri, nyuma ya ukuta. "Uko ndani?"

"Niko ndani na mikungu mbili!"

"Mbichi?"

"Zenye kuiva!"

Nilisikia anasogea mpaka kwenye tofali, karibu na sikio langu.

"Sikiliza. Hawa hawakasirike. Wametoka kwao, wanatafuta nyumba. Weye ulifanya nini ku mulango?"

"Nilipakaa sitroneli!"

"Kwa nini?"

"Kuwafukuza!"

Ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: Moniteri anacheka. Kicheko kifupi, kibaya, cha mtu anayeogopa.

"Mama, miye napakaaka ile mu muzinga mupya kwa kuwaita. Nyuki wakiitana, wananuka karibu vile vile. Ile jani inaambia mbu toka, inaambia nyuki karibu. Umeandika 'karibu' ku nyumba nzima."

"Ondoa basi!"

"Wameanza kuingia mu pipa. Wataingia wote, polepole. Funika ndizi na blanketi ya maji. Kaa chini. Na usiue hata moja. Ukiponda moja tu, ile harufu itatoka, na mule ndani muko ndizi, na miye sitakuwa na kitu cha kufanya. Unasikia?"

"Nasikia."

"Sema tena."

"Sitaua hata moja."

Nilitumbukiza blanketi katika maji, nikafunika, nikakaa juu ya kigoda. Mmoja aliingia kwa chini ya mlango. Alipaa, akazunguka mara mbili, akatua juu ya kifundo cha mkono wangu. Akaanza kupanda. Nilikuwa ninasikia miguu yake sita. Alisimama, akagusa ngozi kwa pembe zake, pale ninaposhikia ndizi, akaendelea mpaka kiwikoni. Mkono wa pili ulikuwa umeshainuka wenyewe, kiganja wazi, kama usio wangu. Niliuangalia. Niliushusha chini ya paja, nikaukalia. Sikuomba Mungu kwa maneno. Nilihesabu. Nilifika mia nne na kumi, akaruka. Nikaanza upya tangu moja, ili niwe na kitu cha kushika.

Kutoka saa nne mpaka saa kumi na mbili ya jioni: masaa manane. Yeye alikaa upande mwingine wa ukuta masaa yote manane, na kila mara aligonga tofali, na mimi niligonga kujibu; watoto walipotoka shuleni aliwatuma kwa jirani wa chini. Jua lilipozama alifunga mdomo wa pipa kwa gunia na kulivingirisha kwake. Halafu akafungua mlango.

Neno langu la kwanza lilikuwa: "Pipa ni yangu."

"Ni yako. Nyuki ni yangu."

"Basi ondoa nyuki, rudisha pipa."

"Nyuki iko ndani ya pipa, mama. Nani atazitoa? Weye?"

Hiyo ndiyo biashara moja tu niliyoshindwa Bunia. Mizinga saba ikawa minane.

Miaka ilipita. Mume wangu alibaki fundi wa mashine, watoto walikua, Kavira akaolewa. Rimu iliendelea kulia kila asubuhi. Lakini mapigo mawili yaliongezeka, na mimi nilimchokoza juu ya ua: "Moniteri, wateja wangu wanakimbia. Leo piga moja na nusu." Alirudisha chuma mahali pake. Siku hizo ndizo alizokuwa anatoa kiwiko.

Mara ya mwisho nilipomwona kwake ilikuwa Jumapili. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Irumu kumchukua, kwa sababu kifua kilikuwa kimemkataa. Nilipita baada ya ibada kumuaga. Sikuwa nimegusa ndizi tangu Ijumaa: Jumamosi salongo, Jumapili kanisa. Niliingia kwa mlango wa barabarani, mara ya kwanza katika miaka yote ile, nikasimama karibu na rimu. Mizinga saba ilikuwa imekwenda na lori. Ilibaki mmoja, katika kona. Lile pipa.

"Kesho asubuhi wanakuya kuhamisha hawa mu muzinga mupya," alisema. "Pipa itabaki. Nilikuambia ni yako."

Alikuwa amekaa juu ya kiti, abakosti imefunguliwa, na mikono yote miwili nje. Niliona mkono wa kuume. Haukuwa mkono. Ulikuwa mkate uliofura, vidole vifupi, ngozi inang'aa, na alama nyeusi nyingi juu ya alama za zamani. Nilianza kuzihesabu, nikaacha.

"Moniteri. Nini hiyo?"

Aliurudisha mfukoni, halafu akautoa tena, kama anayeona haina maana.

"Pua yangu ilikufa, mama."

"Lini?"

"Ile homa kubwa. Mwaka Kavira aliolewa."

Kavira alikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Nilihesabu miaka: minne. Nikahesabu upya kwa mvua: minne. Asubuhi zote zile nilikuwa nimetoka na ndizi kichwani, nikifuata pua iliyokufa. Nikashika waya wa rimu.

"Na kengele? Ulikuwa unapiga tu?"

"Hapana. Naweka mukono ku mulango ya kila muzinga. Hawaniume, napiga moja. Wakiniuma, mbili."

Kila mapigo mawili. Kila asubuhi niliyonung'unika ndani, kila moja na nusu niliyomtania.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetoka nyumbani?"

"Hapana."

"Basi."

Ndani binti yake alikuwa anafunga mizigo. Huko kwangu Kavira na watoto wake walikuwa wanakuja kula, na njia yao inapita kando ya ua. Moniteri alisikia sauti zao kabla yangu. Alishika kiti, akaanza kusimama, mkono ule mbele, anaelekea kwenye pipa.

"Kaa," nilisema.

"Watoto wanapita, mama."

"Kaa, Moniteri. Leo ni siku ya Mungu. Miye sina ndizi."

Nilivuta kitenge kichwani. Kutoka kwenye rimu mpaka kwenye pipa hatua kumi na moja. Nilikwenda tano. Mlio ulikuwa ndani ya meno yangu. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye tundu la pipa langu, na mimi nilifunga macho kama nilivyomwona yeye akifanya Irumu, nikavuta hewa.

"Unasikia nini?" aliuliza nyuma yangu.

"Moshi. Nta. Sitroneli, kidogo. Nguo yako."

"Na ndizi?"

Nilingoja.

"Ndizi haiko."

"Nusa tena."

Nilinusa tena.

"Haiko."

Nilirudi zile hatua tano bila kugeuza mgongo. Alinipa chuma kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri. Nilipiga rimu mara moja, mlio ukaenda mpaka barabarani, na nikasikia Kavira anawaambia watoto wake: "Moja. Twendeni." Nilisimama pale na chuma juu, ninasikiliza viatu vyao vikipita kando ya matete, mpaka mlango wangu ukafungwa.